Kusindikizwa na Bibi wa Chini

Kuaga nyumbani kwa Bibi wa Chini kulitaka uwe na muda. Ukijiinua tu kwenye kochi, naye ameshainuka, anatafuta kandambili, anajifunga kitenge juu ya gauni, anazima jiko. Unamwambia, "Mama, kaa tu, si naishi hapo juu." Hasikii. Anatoka na wewe, mnapanda ngazi pamoja, yeye kashika ukuta kwa sababu ya magoti, mpaka mlangoni pako. Akifika pale anaegemea fremu na kumalizia habari aliyoianza kule chini, na akiimaliza hiyo anakumbuka nyingine. Siku moja mume wangu alitukuta tumesimama hivyo akitoka kazini, akaenda kununua maziwa, akarudi akatukuta bado tuko pale pale.

Lakini jaribu sasa wewe kumrudisha kwake. Hapo alikuwa mkali. "Rudi kwa watoto wako. Mimi sisindikizwi," anasema, na anashuka upande upande, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba. Mimi nabaki juu nikisikiliza kandambili zake mpaka mlango wake ufungwe.

Jina la Bibi wa Chini walimpa watoto wangu, Wanja na Kimani, kwa sababu bibi zao wenyewe wako Nakuru na wanawajua kwenye simu tu. Huyu alikuwa chini yetu, katika nyumba za kupanga za matofali huku ughaibuni, Falls Church, karibu na barabara ya Route 7. Dari yake ilikuwa sakafu yetu. Majirani wengine hugonga dari wakichoshwa na kelele. Yeye aligonga kwa mpini wa mopu watoto wakinyamaza. Kisha anapiga simu. "Mama Wanja, mbona kimya? Kimani ana homa?" Namwambia wanaangalia katuni. "Waambie warukeruke kidogo," anasema, "nijue mpo."

Alikuwa Mtanzania, na hakuniruhusu nisahau kwamba mimi siye. Kiswahili changu alikiita cha kuamrishia ng'ombe. Nikimwambia, "Nipe chumvi," anaangalia huku na huku akitafuta ni nani anayeamrishwa, mpaka nirudie, "Naomba chumvi, Mama." Shikamoo aliifundisha nyumba yangu yote. Mume wangu, ambaye kwao salamu ni "niaje" na kichwa kinatikiswa, alikuwa anasimama mlangoni pake kama mtoto wa shule na kusema shikamoo, naye anaivuta ile marahaba yake ndefu, kisha anampa sahani. Watoto wangu Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiingereza. Shikamoo peke yake ndiyo waliyoitoa bila kusukumwa, maana ilikuwa na andazi nyuma yake.

Miaka yake ya kazi aliimaliza akitunza wazee katika nyumba moja ya wazee upande wa Merilandi. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani. Huko pia alisindikiza. Ndugu wa mzee wakija kumwona, wakiondoka, yeye huacha alichokuwa anafanya na kwenda nao mpaka kwenye maegesho, anawafungulia mlango wa gari, anasimama mpaka wapotee. Msimamizi wake alimwita akamwonya kwamba hiyo si kazi yake na kengele za vyumbani zinalia. "Nikamwambia, basi nani anawasindikiza? Maana yule mzee hawezi, na mtu hatoki kwa mama yake kama anatoka benki." Alionywa tena, akaendelea. Aliyemwachisha kazi mwishowe si msimamizi, ni magoti.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na ukimwonyesha anakasirika. Aliwaombea watu wote wa jengo letu kila asubuhi, na akiwa ndani ya gari kwenye Beltway, ile barabara kuu inayozunguka jiji, aliwatakia madereva wengine mambo ambayo siwezi kuyaandika. Alisema hapendi mbwa kabisa, lakini mbwa wa jirani wa mkono wa kushoto yeye alimsalimia kabla ya kumsalimia mwenye mbwa. Na alisema hana upweke. Hilo alilisema mara nyingi, bila mtu kumuuliza. "Upweke ni wa watu wasio na kazi," anasema, na huku chai imewekwa vikombe vinne mezani, na yeye yuko peke yake.

Sebuleni kwake hakutundika picha hata moja. Kochi lake, la rangi ya maziwa, lilikuwa bado kwenye nailoni ya dukani, na wakati wa joto mapaja ya watoto yalinata pale hata wakisimama panalia kama plasta inayobanduliwa. Nilimuuliza kwa nini asiitoe. "Hilo ni la kuhamia nalo," akasema. Alikuwa anahamia kwa mwanawe. Mwanawe ana nyumba kubwa kule Sterling na anafanya kazi katika yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha, karibu na uwanja wa ndege. Alikuwa amemwahidi mama yake chumba cha chini ya nyumba, basementi, kikimalizika. Mwaka wa kwanza kilikuwa kinasubiri zulia. Mwaka uliofuata kiliingia maji. Baadaye mkwe alianza kufanyia kazi nyumbani na meza yake ikawekwa humo kwa muda. Mwanawe hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kila Jumapili, na mboga na mchele vililetwa mlangoni kwa mama yake na vijana wa kuletea watu vitu. Bibi wa Chini aliwasindikiza hao vijana pia, mpaka kwenye gari lao, na baadhi yao waliogopa.

Basi, kilichokuwa moyoni mwake nilikijua, na kila aliyeingia pale akakaa kwenye ile nailoni alikijua. Alitaka kuishi kwa watu wake. Hakutaka kitu kingine.

Safari yetu ya kwa Waamishi ilianzia kwa Wanja. Shuleni walikuwa wameambiwa habari za hao Wakristo wanaotembea kwa gari la farasi na kukataa umeme na motokaa, naye hakuamini. Mume wangu akasema wapo hata kusini mwa Merilandi, si lazima kwenda Pennsylvania, mtu anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Jumamosi nilikuwa kazini, kwa hiyo tukachagua Jumapili, tukakwepa ibada. Nikashuka kumwambia Bibi wa Chini aje nasi.

Asubuhi alitungoja kwenye maegesho na chupa ya chai, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, mayai ya kuchemsha na viazi vya kukaanga, chakula cha kutosha msiba. Nikamwambia, "Mama, hatuendi kwa watu. Tunaenda kuwaangalia tu."

"Kuwaangalia watu ni kwenda kwa watu," akasema, akakaa kiti cha mbele bila kuulizwa. Mume wangu ndiye aliyeendesha, mimi nikabanwa nyuma katikati ya viti vya watoto.

Tulipofika, kosa letu lilikuwa linatungoja njiani. Vile vibanda vya kuuzia mboga na jemu vilikuwa vitupu, na kila kimoja kina kibao kinachosema hawauzi Jumapili. Barabara nzima hakuna mtu shambani. Bibi wa Chini alicheka mpaka akafuta macho. "Tumekimbia kanisa," akasema, "kuja kuwaangalia watu ambao wako kanisani."

Mchana wakaanza kutoka. Kwanza gari moja jeusi la farasi, kisha jingine, watoto wamejipanga nyuma na kofia zao. Kimani aliuliza injini iko wapi. Mume wangu akainua simu apige picha, na Bibi wa Chini akaishusha kwa mkono wake. "Weka hiyo. Wewe ungependa ukitoka kanisani umpate mtu anakupiga picha na mkeo?" Akaiweka. Nikaona wale watu kumbe hawaendi nyumbani kwao. Walikuwa wanatembeleana. Uani mwa nyumba moja kulikuwa na magari ya farasi yamepangwa kama kwenye harusi, na kulikuwa na familia inaondoka. Wenyeji walitoka nao wote, baba, mama, wazee, watoto, wakatembea nao polepole mpaka mwisho wa njia yao, wakasimama pale mpaka farasi akapinda kona.

"Baba Wanja, punguza mwendo," Bibi wa Chini alisema. Kisha akasema, "Simamisha."

Pengine angepata kisingizio chochote, lakini Kimani alimpa kizuri: alibanwa na mkojo. Mimi nilitaka tutafute kituo cha mafuta. Yeye alikuwa ameshafungua mlango. Alimshika Kimani mkono, na ule mfuko wa chapati kwa mkono mwingine, akaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba, na mimi nyuma nikikimbia na Wanja. Alipofika karibu na ukumbi wa mbele alisimama, akaita kwa sauti yake yote, "Hodi! Hodi hapa!"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mlango ulifunguka, si wa nyumba kubwa, wa nyumba ndogo iliyoshikana nayo ubavuni, na akatoka kikongwe mwenye gauni jeusi na kofia nyeupe ya kitambaa. Akatuangalia, akamwangalia Kimani jinsi alivyokuwa amebana miguu, akaelewa kila kitu. Choo kilikuwa ndani, kulia.

Walikaa kwenye benchi, wazee wawili, wakati mimi nahangaika na zipu ya suruali ya mtoto. Nilipotoka chapati ilikuwa imeshakatwa vipande. Bibi wa Chini Kiingereza chake alikipata kazini, kilikuwa cha kuuliza watu wanaumwa wapi, na yule mwenzake Kiingereza chake kilikuwa na ukali wa Kijerumani, lugha ya nyumbani kwao, lakini walielewana kuliko mimi ninavyoelewana na bosi wangu. Bibi wa Chini alikuwa anauliza habari ya ile nyumba ndogo. Nani anaishi humo? Mimi, alisema kikongwe. Na nyumba kubwa? Ya kijana wangu. Zamani nilikaa mimi na mume wangu katika ile kubwa, kijana alipopata watoto tukahamia huku, yeye akaingia kule. Nani aliijenga hii ndogo? Yeye na ndugu zake na watu wa kanisa. Na wazee wengine? Kila mtu anaijenga, alisema kikongwe, kama mtu aliyeulizwa kwa nini nyumba ina paa.

Bibi wa Chini aliinuka akaishika ile nyumba. Aliweka kiganja kwenye ubao, mahali ambapo ndogo inaungana na kubwa, akakiacha pale.

Tulipoaga, yule kikongwe aliingia ndani akatoka na chupa ya pichi za sukari. Haikuwa ya kuuza, alisema, leo Jumapili. Kisha akaanza kutembea na sisi. Nikamtazama Bibi wa Chini nikingoja amkatalie, kama anavyotukatalia sisi. Hakumkatalia. Walikwenda wameshikana mikono mpaka barabarani, wote wawili wakiyumba, na tulipoondoka Bibi wa Chini alikuwa amejigeuza kitini mpaka mkanda unamkaba, anapunga mkono kwa yule kikongwe mdogo wa gauni jeusi aliyesimama njiani.

"Leo umesindikizwa, Mama," nilimtania.

"Kule nilikuwa mgeni," akasema. Tukaanza kuona taa za magari ya Beltway. Kisha akasema, kama anayeongea na ile chupa ya pichi iliyokuwa mapajani mwake, "Anayesindikizwa ni mgeni. Mtu wa nyumbani anaondoka tu. Si atarudi?"

Jumapili iliyofuata aliniomba nimpeleke Sterling. Mwanawe alitupokea vizuri. Mkwe alipika wali na kuku, na alikuwa amejifunza kutia iliki, nikamwona anamwangalia mama mkwe aone kama itapendeza. Tulipomaliza kula Bibi wa Chini alisogeza sahani akaanza kuchora mezani kwa kidole. Hapa nyumba yenu. Hapa ubavuni, ndogo tu, chumba na choo, na jiko la kuchemshia chai. Mlango wangu uangalie mlango wenu. Hakuna ngazi.

Mwanawe alisikiliza mpaka mwisho. Naye alikuwa amechoka, niliona. Alikuwa na macho ya mtu anayekesha na mashine. "Mama," akasema, "huku huwezi ku-build tu. Association ya wenye nyumba wa hapa hairuhusu hata kibanda cha baiskeli. Na basementi ina ngazi nyingi, utaanguka, na sisi wote tuko kazini." Akasema kuna mahali pazuri, karibu tu, ameshapaona, pana bustani na manesi usiku na mchana. "Tutakuwa tunakuja kila wiki, Mama. Kila wiki."

"Pana bustani," alisema Bibi wa Chini.

"Ndiyo, Mama. Na Waafrika wengi wanafanya kazi pale."

Alikunja kitambaa chake cha mkono akasema ni jambo jema, watazungumza. Jioni tuliaga. Mwanawe akatoka, mkwe akatoka na chakula kimefungwa kwenye karatasi ya foili, wajukuu wakaitwa kutoka juu wakaja na soksi. Walikuja wote mpaka kwenye gari langu. Mwanawe alimfungulia mlango, akamfunga mkanda, akambusu shavuni. Walisimama wamejipanga kwenye nyasi wakipunga mikono mpaka tukapinda.

Nilifurahi. Nilisema, "Mama, watoto wako wana adabu kweli. Wamekusindikiza mpaka mwisho."

Alishusha kioo, na nje kulikuwa na baridi, upepo wote wa Route 7 ukaingia kwenye gari. Tulikuwa tumeshapita taa kadhaa aliposema, "Wamenisindikiza." Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimesema. Niliendesha tu, na kile chakula kilikuwa cha moto magotini mwake.

Alihamia mahali penye bustani kabla ya theluji. Kochi halikuruhusiwa, vyumba vyao vina fanicha yake, kwa hiyo lilipandishwa kwetu. Niliibandua nailoni mwenyewe. Chini yake kitambaa kilikuwa kipya kabisa, kama siku kilipotoka dukani, na nilishindwa kulikalia wiki nzima. Kule chini wakaingia vijana wawili ambao hawapo mchana na hawaongei usiku. Kimani bado huruka sana katikati ya sebule halafu anasimama na kusikiliza.

Tunakwenda kumwona Jumapili tukitoka kanisani. Yeye aliyewatunza wazee sasa anaogeshwa na wengine, na anawasahihisha. Mlango wa kutokea kule una namba za kubonyeza, ili wazee wasipotee. Mara zote tulipoondoka alichukua kigari chake cha kushikilia akitembea, akatusindikiza kwenye korido yote, akisalimia kila mlango, mpaka kwenye zile namba. Pale anasimama. "Mpaka wangu ndio huu," anasema. Mhudumu anatubonyezea, sisi tunatoka, na kupitia kwenye kioo tunamwona amesimama mpaka tunapoteana.

Mara ya mwisho nilipomwona katika hali ya kuongea sana ilikuwa Jumapili ya mvua. Alikuwa kitini karibu na dirisha. Kimani alilala kwenye kitanda chake na viatu, Wanja alimsukia mkia mmoja wa nywele akaufumua akausuka tena. Aliniuliza nimepika nini jana, na ndani ya sufuria gani. Nilipomwamsha Kimani na kusema, "Mama, acha sisi twende," mtoto alifanya alivyozoea: aliamka nusu usingizi, akaenda kukileta kile kigari, akakiweka mbele yake.

"Kirudishe," alisema Bibi wa Chini.

Nilimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nendeni tu. Nenda kapike, mumeo ana njaa." Alikuwa ameshageuka dirishani. "Leo sisindikizi mtu."

Tulitembea ile korido peke yetu. Sikujua la kufanya na mikono yangu. Niliwaza ni magoti, kisha nikawaza ni zaidi ya magoti, na nikapanga kumpigia simu mwanawe. Mlangoni alikuwepo mhudumu tunayemjua, mama mmoja Mkongomani, ambaye alitazama nyuma yetu akitafuta mtu wa nne.

"Leo Mama hakukuya?"

Nikamwambia amebaki chumbani, labda miguu imezidi.

"Ah bon?" akasema, akibonyeza zile namba. "Jana mutoto yake alikuya. Mama aliona anaenda, akasimama, akamupeleka mpaka apa ku mulango. Nikamuambia, Mama, kaa, iyo miguu. Akasema non, ule ni mugeni, lazima nimusindikize."

Nilisimama pale mlango ukiwa wazi mpaka kengele ikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimeuzuia. Nilifurahi, sitasema uongo, maana sisi tulikuwa tumeondoka tu. Kisha nikamfikiria yule kijana wake akiendesha kurudi Sterling, ameridhika, akidhani mama yake bado ana nguvu.

Kwenye maegesho Wanja aliniuliza kwa Kiingereza kama Bibi ametukasirikia. Nilimwambia hapana. Niliwafunga mikanda, nikaingia, na kabla ya kuwasha gari niligeuka kuangalia kwenye kile kioo cha mlango, kwa mazoea. Hapakuwa na mtu.